Mtoto akishikwa na mafua makali: maongezi na wazazi wa chekechea, Njombe

Kamwene wazazi wangu! Shikamooni wazee, shikamooni bibi zetu mliokuja na wajukuu. Akina baba nawaona mmesimama kule mlangoni, karibuni ndani jamani viti vipo huku mbele, na haya mambo yanawahusu nyie pia, ntawafikia. Mwalimu asante sana kwa kunialika.

Mimi ni nesi, siku zangu nyingi nipo na watoto wa chini ya miaka mitano. Mwezi huu wa saba sina haja ya kuwaelezea watu wa Njombe baridi ni nini, asubuhi mtoto akiongea unaona mvuke unatoka mdomoni, kila nyumba kuna anayepiga chafya, na mwalimu ananiambia kuna siku darasa linakuwa na viti vitupu zaidi ya watoto. Na kila asubuhi benchi letu likijaa swali ni lile lile, nesi nipe dawa ya mafua, au, nesi niandikie antibaotiki kali kidogo maana ile niliyonunua duka la dawa haijamsaidia. Nikisema tumvue nguo kwanza tumwangalie kifua, kuna mama ananitazama kama vile namzungusha, yeye amekuja kufata chupa.

Sasa leo nataka niseme wazi. Mtoto mwenye mafua makali mara nyingi sana anaponywa na mwili wake mwenyewe. Kazi yako wewe mzazi ni kumnywesha, kumpunguzia homa, kumfungulia pua, na kubwa kuliko zote ni kumwangalia anavyopumua, maana wachache wanaobadilika wanabadilika ndani ya masaa na wa kwanza kuona sio daktari, ni wewe uliyelala naye kitanda kimoja.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mafua ya kawaida mnayajua, pua inatiririka maji, anapiga chafya, lakini mtoto anacheza, anakula, anagombana na wenzake. Haya makali, flu, yanaletwa na virusi vya influenza na yanakuja kwa kishindo. Mchana alikuwa anakimbiza kuku, jioni unamkuta kajilaza kwenye kochi anachemka, mwili unamuuma, ukimnyanyua analia, kikohozi kikavu, chakula hataki hata kukiona, na wadogo wengine wanatapika na kuharisha pia mpaka unadhani ni tumbo. Homa inakaa siku tatu nne hivi. Kikohozi chenyewe kinaweza kuendelea mpaka wiki mbili hivi huku mtoto ameshachangamka, na hapo ndipo wengi wanapoanza kuhangaika kubadilisha dawa wakati hamna kinachoharibika, njia ya hewa ilichubuka inapona taratibu.

Antibaotiki sasa. Amoxicillin, Septrin, ile mnaita azuma, zote zile zinaua bakteria. Virusi haziviwezi hata kidogo, unakuwa kama umepuliza dawa ya mbu kufukuza panya. Kamasi ikigeuka kijani wengi mnasema tayari imekuwa infeksheni apewe dawa, hapana, kamasi ya mafua hubadilika rangi yenyewe kadri siku zinavyokwenda, rangi peke yake haituambii kitu. Na ukimpa leo nusu dozi, mwezi ujao nusu dozi, siku atakayopata nimonia ya kweli inayotaka hiyo amoxicillin bakteria watakuwa wameshaizoea. Dawa ya kupigana na kirusi chenyewe cha influenza ipo, inaitwa oseltamivir, inafanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya siku mbili za kwanza, lakini hiyo ni ya daktari kuamua kwa mtoto aliyezidiwa au mwenye ugonjwa mwingine wa moyo au kifua, sio ya kwenda kuulizia dukani.

Na kabla sijasahau, malaria. Mkoa wetu ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, sawa, lakini watu wetu wanasafiri, mmoja ametoka kuvuna mpunga Kilombero, mwingine alikuwa Kyela kwenye msiba na mtoto mgongoni. Mtoto mwenye homa ambaye wiki za karibuni alikuwa ukanda wa joto apimwe kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole, usiseme tu ni mafua kwa sababu pua inatoka, malaria na mafua vinaweza kukaa kwenye mwili mmoja siku moja.

Haya tuje kwenye homa na panadol, hapa nitakaa kidogo maana ndipo naona makosa mengi na ni makosa ya watu wenye upendo kabisa. Nimekuja na chupa hii, paracetamol ya maji. Someni pembeni hapa imeandikwa miligramu 120 kwa kila mililita 5. Dozi ya mtoto inakwenda kwa kilo zake, miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo moja, kwahiyo mtoto wa kilo 10 mililita 5 za chupa hii zinamtosha. Kilo zake unazijuaje? Kadi ya kliniki. Mpeleke mtoto kwenye mzani kila mwezi, na sio kwa ajili ya kile kigrafu tu, siku ya homa saa nane usiku ile namba ndiyo inakusaidia. Unampa kila baada ya masaa sita akiwa bado na homa au anaumwa, isizidi mara nne kwa siku nzima usiku na mchana. Na chupa hazifanani, kuna nyingine imeandikwa 250 kwa mililita 5, hiyo ni karibu mara mbili ya hii, ukipima kwa mazoea umemzidishia.

Kijiko cha nyumbani mkiache. Nilileta vijiko vitatu vya chai kutoka jikoni kwa mwalimu tukapima maji hapa mbele yenu kabla hatujaanza, mmeona wenyewe hakuna kilicholingana na mwenzake. Tumia kile kifuniko cha kupimia au bomba la sindano lisilo na sindano, dukani ni bei ndogo sana, unavuta mpaka mstari wa 5, unaweka pembeni ya shavu kwa ndani unasukuma polepole, mtoto anameza bila kupaliwa. Ule mtindo wa kumziba pua ili ameze acheni jamani, dawa inaingia njia ya hewa.

Alafu kuna hii ya kukata kidonge cha mtu mzima. Kidonge kizima ni miligramu 500, ukikikata nusu ni 250, kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni kubwa mno, na ukirudia rudia siku mbili tatu ini lake linaumia. Na zile dawa za mafua za mchanganyiko nyingi ndani yake kuna paracetamol tayari, unampa ile na unampa na hii, unamzidishia mwenyewe bila kujua. Aspirini kwa mtoto mwenye mafua ni marufuku, inaweza kuleta ugonjwa unaitwa Reye unaoshambulia ini na ubongo. Diclopa nayo, ile ya maumivu ya wakubwa, sio ya mtoto. Na mtoto wa chini ya miezi mitatu akipata homa usimpe chochote ukakaa nyumbani kusubiri, huyo mfunike vizuri nenda kituoni muda huo huo, kichanga homa yake haichezewi.

Homa yenyewe tusiiogope kupita kiasi, ni mwili unapigana. Tunaipunguza ili mtoto apate kunywa na kulala. Kumwagia maji ya baridi hapana, anatetemeka na kutetemeka kunapandisha joto. Na kule kumvalisha sweta mbili, kofia ya sufu, soksi na mablanketi matatu huku anachemka, naelewa baridi yetu ilivyo na bibi anavyosisitiza, lakini joto linakosa pa kutokea. Nguo nyepesi ya pamba, shuka au blanketi moja, basi. Akianza kutetemeka unaongeza, akitoka jasho unapunguza, unamfata mtoto anavyoelekea.

Dawa za kikohozi, zile sirapu tamu tamu. Kwa watoto wadogo hazijaonyesha faida ya maana, na madhara zinayo, nyingine zinalevya mtoto analala fofofo unadhani amepata nafuu kumbe amelewa na huwezi kujua kama amezidiwa au la. Mwaka 2022 kule Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa, figo zilikata, na zikahusishwa na sirapu za kikohozi na mafua zilizokuwa na kemikali ya sumu ndani, mwezi wa kumi mwaka ule Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kwa dunia nzima. Na hizo ni sirapu zinazonunuliwa kwa mafua ya kawaida kabisa. Mimi nikikumbuka hilo sioni kwanini tununue chupa kwa ajili ya kutuliza roho zetu sisi wazazi. Mtoto aliyevuka mwaka mmoja mpe asali, nusu kijiko cha chai mpaka kimoja wakati wa kulala, inalainisha koo na usiku anakohoa kidogo. Ambaye hajafikisha mwaka asiguse asali kabisa, hata ya kulamba kidoleni, inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la kichanga haliwezi kuvizuia na vinalegeza misuli mpaka ya kupumulia.

Pua. Mtoto mchanga hajui kupumua kwa mdomo vizuri wakati ananyonya, pua ikiziba anashika titi anaachia, anashika anaachia, analia, unasema maziwa hayatoki. Chukua maji yaliyochemka yakapoa, kikombe kimoja, chumvi nusu kijiko cha chai, koroga, weka matone mawili kila tundu la pua, subiri dakika moja kisha kausha kwa kitambaa laini ulichokisokota ncha. Fanya hivyo kabla ya kumnyonyesha. Maji hayo tengeneza mapya kila siku. Kufyonza kamasi kwa mdomo najua mama zetu walitulea hivyo, lakini hivyo virusi unavichukua wewe na vya mdomoni mwako unampa yeye. Msidondoshee mafuta puani, iwe ya nazi, ya karafuu, ya habbat soda, yanateremka kwenye mapafu na huko hayana pa kutokea. Vicks na rubi zote za kuchuachua kifua mtoto wa chini ya miaka miwili msimpake, na kwa yeyote yule msiweke puani. Kujifukiza nako, najua tangu kipindi cha corona nyungu imekuwa dawa ya kila kitu, ila mtoto na sufuria la maji ya moto chini ya blanketi, jamani, walioungua namna hiyo sio hadithi.

Kunywa ndio dawa kubwa kuliko zote nilizotaja. Anayenyonya mnyonyeshe mara nyingi zaidi ya kawaida, hata kidogo kidogo, na ambaye hajafika miezi sita ni titi tu, maji hapana. Mkubwa kidogo mpe maji, uji mwepesi wa ulezi, supu, juisi ya matunda ya nyumbani, kijiko kimoja kimoja kila baada ya dakika chache, akikataa kikombe usigombane naye rudi baadae. Anayetapika au kuharisha changanya ORS, ile chumvi ya paketi ya kurudisha maji mwilini, soma paketi inataka maji kiasi gani, nyingi ni za lita moja, usichanganye kwenye kikombe kwa kukadiria. Chakula hata asipokula siku mbili anapoumwa hatakufa kwa hilo mradi anakunywa na anakojoa. Angalia nepi au chupi yake, ukiona masaa sita mpaka nane kavu, analia bila machozi, mdomo umekauka, utosi wa mdogo umebonyea, hapo amepungukiwa maji. Akipona ndio umlishe kwa nguvu zote, mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili, ponda parachichi tulizonazo hapa tele weka kwenye viazi vyake, maana kila ugonjwa unakula kilo za mtoto na mkoa wetu una mavuno mengi na bado una watoto wengi waliodumaa, hilo linaniuma sana.

Bibi pale ameinua mkono muda mrefu, karibu bibi.

Bibi ameuliza, huyu mtoto anayekohoa wiki tatu, si ni kimeo kimerefuka, sisi zamani tulikuwa tunawapeleka wanakatwa na wanapona.

Asante bibi yangu kwa kuuliza mbele za watu, maana wengine wanaenda kimya kimya usiku. Shikamoo tena. Kimeo ni kinyama kinachoning'inia kooni tulichoumbwa nacho wote, hata mimi ninacho, mtu akikohoa sana kinavimba kidogo kinaonekana kirefu, kwahiyo ni kikohozi kilichokivimbisha, sio chenyewe kilicholeta kikohozi. Waliokatwa wakapona wangepona hata wasingekatwa kwa sababu kikohozi cha virusi kina mwisho wake. Lakini wapo waliovuja damu hazikuzuilika, mtoto ana damu kidogo sana mwilini, wapo waliopata tetenasi na maambukizi ya damu, na wembe ule mmoja umepita kwenye midomo ya wangapi. Hivyo hivyo na wale wanaong'oa meno ya plastiki mtoto akiwa na homa na kuharisha, ni fizi za mtoto zinachimbwa pale. Bibi, kikohozi kilichopita wiki mbili tuleteeni, tutaangalia kama ni pumu, kifaduro, au kifua kikuu, hasa kama nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa muda mrefu. Na sauti yako bibi ina nguvu kuliko yangu kwenye ukoo wenu, ukisema wewe huyu asikatwe, hatakatwa.

Jiko la mkaa. Hili nalisema kwa sauti. Mwezi huu ndio tunaingiza jiko chumbani, tunafunga madirisha, tunaziba chini ya mlango kwa nguo, mtoto ana mafua tunataka apate joto. Moto wa mkaa unatoa hewa ya sumu, haina harufu, haina rangi, haiwashi macho, inakupata usingizini unalala moja kwa moja, familia nzima. Na moshi wa kuni kwa mtoto ambaye mapafu tayari yamewashwa na mafua unamsogeza kwenye nimonia. Ota moto jioni mlango ukiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabla hamjalala. Joto la usiku ni mama kulala na mtoto. Na sigara baba ukavutie mbali na nyumba, kuhamia chumba cha pili haisaidii.

Sasa njooni karibu. Mama aliyekaa hapa mbele ameniruhusu nimtumie mwanae, ana mwaka na miezi kidogo na mafua anayo kweli, amelala mapajani katulia, ndio mtoto ninayemtaka. Usihesabu akiwa analia wala ananyonya. Nampandisha fulana mpaka hapa kwenye chuchu. Toeni simu zenu, fungueni stopwochi. Angalieni tumbo na kifua, kikipanda na kushuka ni pumzi moja. Tunahesabu dakika nzima, tusihesabu nusu tukazidisha mara mbili, watoto wanapumua haraka haraka alafu wanatulia kidogo, ukichukua nusu unadanganyika. Tayari? Haya anza.

Mmepata ngapi? 34. Wewe? 35. Baba pale 34. Vizuri sana, mnaona hata hamkusomea. Sasa namba za kushika. Mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Miezi miwili mpaka asifike mwaka, 50 au zaidi. Mwaka mmoja mpaka miaka mitano, 40 au zaidi. Huyu wetu yupo 34 kwahiyo kwa sasa yuko salama, mama atamhesabu tena jioni na usiku. Ukikuta imevuka, usisubiri asubuhi ikiwa kuna namna ya kufika kituoni.

Na angalieni hapa chini ya mbavu. Huyu akivuta hewa kifua kinatanuka, ndio inavyotakiwa. Mwenye nimonia kali akivuta hewa hapa chini panaingia ndani, panabonyea kama panavutwa na kamba, na pua zinatanuka, mdogo zaidi anaguna kila akitoa pumzi. Ukiona hilo hata kama namba hujaweza kuhesabu, beba mtoto. Nimonia mwaka 2019 peke yake iliua watoto zaidi ya laki saba wa chini ya miaka mitano duniani, na mara nyingi inaanza baada ya mafua kama haya tunayoyadharau. Kituoni tukithibitisha kuna amoxicillin za kuyeyusha kwenye maji, hapo ndio mahali pake sasa, na aliyepungukiwa hewa anahitaji oksijeni ambayo hakuna duka la dawa linauza.

Kuna mtego mmoja nataka muujue. Mtoto anaumwa siku nne, siku ya tano homa imeshuka, amekula, mmefurahi, alafu siku ya sita au ya saba homa inarudi juu na kikohozi kibaya zaidi. Hiyo usiseme mafua yamerudi. Mara nyingi ni bakteria wameingia kwenye mapafu au sikio yaliyochoshwa na kirusi. Mlete siku hiyo hiyo.

Dalili nyingine za kubeba mtoto bila kujadiliana: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea humwamshi vizuri au haangalii watu, midomo au ulimi umekuwa wa bluu, shingo imekakamaa, anakoroma na kuvuta pumzi kwa sauti hata akiwa ametulia, na degedege.

Degedege, baba amenong'ona pale nimesikia, ndio baba, naliongelea. Mtoto kati ya miezi sita na miaka mitano homa ikimpanda anaweza kukakamaa, macho yanageuka juu, mikono inarusharusha, povu. Inatisha kuliko kitu chochote nilichowahi kuona mzazi anakipitia. Ni ubongo mchanga umezidiwa na homa, sio ndege aliyepita juu ya nyumba wala mtu aliyemtupia kitu. Mlaze ubavu sakafuni, legeza nguo shingoni, ondoa vitu vya kumuumiza, angalia saa. Usimwekee kijiko mdomoni, usimwagie maji, usimnyweshe chochote hata dawa, usimfukize kinyesi cha tembo, na ule woga wa kwamba akichomwa sindano na degedege atakufa uondoeni, wanaokufa ni wale waliopitishwa kwanza kwa mganga wakafika kwetu wamechelewa. Mara nyingi inaisha ndani ya dakika tano. Ikiisha au isipoisha kituoni anakwenda, inabidi tuhakikishe sio malaria kali wala homa ya uti wa mgongo.

Akina baba, nilisema ntawafikia. Mama ameona usiku mbavu zinaingia ndani, ameelewa kabisa, lakini hana nauli na hana ruhusa. Baba yuko kwenye mbao huko msituni simu haipatikani, au yupo lakini anasema tusubiri pakuche, au mama mkwe anasema watoto wote wanakohoa wewe ndio wa kwanza kuzaa? Mtoto anasubiri watu wazima wapatane. Mimi nimekaa na akina mama waliofika saa nne asubuhi na mtoto aliyeanza kubadilika saa tano usiku, na ukimuuliza kwanini anainama tu hajibu. Nakuombeni leo mkirudi nyumbani kabla hakuna mgonjwa, mwambie mke wako mbele ya mama yako, mtoto akionyesha dalili hizi ondoka, usinisubiri, utanipigia ukiwa njiani. Sentensi hiyo tu. Na muweke nauli ya bodaboda ya usiku mahali mama anapajua, kwenye kopo, kwenye simu yake yeye na sio ya kwako, isiguswe kwa mbolea wala kwa mchango wa harusi. Namba za bodaboda wawili wa mtaani mnaowaamini ziandikeni nyuma ya mlango. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali, ukikuta dawa imeisha ukaandikiwa kununua naelewa hasira yako, ila uchunguzi na rufaa usivikose kwa kuogopa gharama.

Kuhusu shule nitakuwa mfupi, mwalimu amenisisitizia. Mwenye homa abaki nyumbani mpaka amalize siku nzima bila homa na bila kupewa panadol. Kumnywesha panadol asubuhi ili ashuke joto aingie darasani ufike shambani, nakuelewa mama una vibarua, lakini saa tano ile dawa imeisha na mtoto amewakoholea wenzake. Tafuteni namna ya kupokezana majirani. Kila mtu kikombe chake, mikono kwa sabuni, kukohoa kwenye kiwiko, watoto hawa mkiwafundisha wanashika haraka kuliko sisi.

Mwisho ni chanjo. Ya mafua yenyewe haimo kwenye ratiba yetu ya watoto, lakini chanjo ya nimonia imo tangu 2013, anachomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, na kwenye ile pentavalenti, chanjo moja ya magonjwa matano, kuna kinga ya kifaduro na ya Hib, bakteria mwingine anayeleta nimonia, alafu kuna surua rubella akiwa na miezi 9 na 18, na hii ya pili ndio wengi mnaisahau kwa sababu mtoto anakuwa ameshatembea mnaona kliniki imeisha. Surua ikimpata mtoto mapafu yanakwenda nayo.

Nimekuja na mwenzangu amekaa kwenye meza ile chini ya dirisha, ana mzani na daftari. Leteni kadi, aangalie chanjo gani imepita na aandike kilo za leo, wenye vichanga waanze, na wale ambao hamjaja na kadi semeni tarehe ya kuzaliwa mtoto tutatafuta kwenye rejista. Wenye mabomba ya sindano ya kupimia nimeyaleta machache, wa kwanza ni hawa ambao watoto wao wana homa leo.